Mchomo wa Ijumaa na Mchomo wa Jumapili: Uchambuzi wa Kisa cha Tanuri Dogo la Umeme Linaloongozwa kwa Mkono

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha michomo miwili ya glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika chombo cha udongo, iliyofanywa katika tanuri moja, na mfinyanzi mmoja, kwa udongo uleule na glezi ileile, lakini ikazaa matokeo yaliyopingana. Mchomo wa Ijumaa ulizimwa kipimajoto kilipoonyesha nyuzi 1222 za Selsiasi. Vikombe vya rafu ya juu vilikutwa vimepinda midomo, kuta zimefura malengelenge, na glezi imetiririka hadi chini ikavigandisha kwenye rafu. Mchomo wa Jumapili ya wiki iliyofuata ulizimwa mapema, kwenye nyuzi 1190, kwa kuogopa hasara ya kwanza. Safari hii vya juu vilitoka vimefifia tu, lakini vya rafu ya chini vilikuwa na uso mkavu wa kukwaruza, vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano, na maji yaliyotiwa ndani yakawa yanapenya ukuta polepole na kuacha duara la unyevu mezani. Tofauti ya namba hizo mbili ni nyuzi 32. Tofauti ya kiasi hicho inaweza kuharibu glezi, lakini haitoshi yenyewe kueleza jinsi kazi ileile ilivyotoka kwenye kuungua ikaangukia kwenye ubichi.

Karakana yenyewe iko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Tanuri ni la kufunguliwa kwa juu, lenye nafasi ya lita 40 hivi ndani na nguvu ya kilowati 3 kwa umeme wa volti 230. Lina mizunguko miwili ya koili, yaani waya uliosokotwa unaowaka na kutoa joto, wa juu na wa chini, na kila mzunguko una swichi yake ya kuzungusha yenye alama kutoka sifuri hadi sita. Halina kidhibiti kinachosoma joto na kurekebisha umeme chenyewe. Ipo pairomita ya namba, yaani kipimajoto cha tanuri, inayopokea ishara kutoka kwa themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, ambazo huzaa umeme mdogo sana kadiri ncha hiyo inavyopata joto. Lakini pairomita hiyo huonyesha tu, haizimi wala haiwashi. Kwa miaka kadhaa tanuri lilitumika kwa mchomo wa awali peke yake, ule unaougeuza udongo mkavu kuwa chombo kigumu kisichoyeyuka majini, kwenye nyuzi 1000 hivi, wala halikusumbua. Taabu ilianza mfinyanzi alipoamua kutengeneza vikombe vya chai vya glezi, kazi inayodai koni 6, yaani kiwango cha moto kinachopimwa kwa vijipande vya udongo vitakavyoelezwa mbele.

Ratiba aliyoifuata katika michomo yote miwili ilikuwa fupi: saa moja swichi zikiwa kwenye alama ya 2, saa mbili kwenye alama ya 4, kisha zote kwenye 6 mpaka namba itimie. Alipoulizwa kila alama ina maana gani, alieleza kwamba 2 ni joto dogo, 4 ni joto la wastani na 6 ni joto kali. Maelezo hayo ndiyo wanayoyatoa karibu watumiaji wote wa matanuri ya aina hii, na humo ndimo mzizi wa kisa hiki ulimo. Swichi ya tanuri haiamuru joto. Inaamuru kiasi cha umeme kinachoingia kwenye koili. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, kinachopashwa na hita ndogo. Kikipata joto hupinda na kukata umeme, kikipoa hunyooka na kuurudisha. Kwenye alama ya 3 koili hupata umeme kamili kwa sehemu ya muda na kukaa bila umeme sehemu iliyobaki, ndiyo maana mtu aliyesimama karibu husikia mlio wa kukata na kuunga. Kwenye alama ya 6 haikati kabisa. Joto la ndani ya tanuri ni matokeo ya mizani kati ya umeme unaoingia na joto linalopotea kupitia matofali, kifuniko na tundu la kuchungulia. Alama ya 4 inaweza kuwa nyuzi 500 baada ya saa mbili na nyuzi 800 baada ya saa nane, na siku nyingine isiwe vyote viwili.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao huchoma vyungu vyao mahali pa wazi bila tanuri, hawawezi kupotoka kwa njia hii, kwa sababu kuni na nyasi wanazoongeza wanaziona kwa macho na mikono yao inajua ni kiasi gani kimeingia. Kwenye tanuri la umeme kuni hazionekani. Mtu anageuza swichi na kudhani amelisha moto kiasi kilekile cha jana, kumbe umeme wenyewe umepungua njiani. Hilo ndilo lililotokea Ijumaa.

Siku hiyo tanuri liliwashwa saa tano asubuhi. Kwa kumbukumbu ya mfinyanzi, kwa kuwa hakukuwa na daftari, saa moja usiku namba ilikuwa karibu 1150. Baada ya hapo ilipanda kwa kujikokota, nyuzi kumi au kumi na tano kwa saa nzima, na kuna kipindi ilisimama kabisa. Aliamini kwamba tanuri limefika mwisho wa uwezo wake, akaamua kuvumilia. Ilipofika saa nne usiku, majirani walipoanza kuzima majiko, pasi na viyoyozi, namba ilianza kupanda tena, na kabla ya saa sita usiku ikafika 1222, akazima. Yeye aliona kwamba ametimiza namba aliyopewa, na ni kweli aliitimiza.

Uchunguzi ulianza na umeme. Kwa kutumia mita ya fundi, volti zilipimwa kwenye soketi ya tanuri lenyewe huku koili zote zikiwa zimewaka, kwa sababu kupima soketi isiyo na mzigo hakufunui chochote. Asubuhi zilikuwa karibu 230. Saa mbili usiku zilishuka hadi 200. Mtu asiyezoea hesabu za umeme angeona kwamba kilichopotea ni sehemu ndogo, asilimia 13. Lakini nguvu ya koili hufuata mraba wa volti: mia mbili gawanya kwa mia mbili thelathini, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.756. Karibu robo ya nguvu ya tanuri ilikuwa imetoweka bila swichi kuguswa.

Kisha zilipimwa koili zenyewe, tanuri likiwa limepoa na plagi imechomolewa. Mzunguko wa kilowati moja na nusu kwa volti 230 unapaswa kuwa na ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huzuia umeme kupita, wa omu 35 hivi. Wa juu ulikuwa na omu 36.5, na wa chini 39. Waya wa koili hizi ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Kanthal, ambayo hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini. Kila mchomo huila ngozi hiyo na kuijenga upya kwa alumini ya ndani ya waya, hivyo waya huzeeka, ukinzani hupanda na nguvu hushuka. Ongezeko la asilimia 10 ndilo mafundi wengi huliona kuwa wakati wa kubadilisha. Ukijumlisha uzee huo na volti 200 za usiku, tanuri lililoandikwa kilowati 3 lilikuwa likitoa kilowati 2.1 tu. Kwa nguvu hiyo, joto lililokuwa likipotea kwenye nyuzi 1180 lilikaribia kulingana na lililokuwa likiingia, na namba isingeweza kufanya lingine ila kusimama.

Hapa inabidi kueleza koni, kwa kuwa bila koni kisa hiki hakifunguki. Koni ni kijipande chembamba cha udongo uliochanganywa na madini yanayoyeyuka, chenye kipimo cha kiwandani, kinachosimamishwa ndani ya tanuri pamoja na vyombo na kuinama kinapokuwa kimepata moto wa kutosha. Fikra ya kuupima moto kwa udongo ni ya zamani: mwaka 1782 Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, aliwasilisha kipimo kilichotegemea jinsi vipande vya udongo vinavyosinyaa. Hermann Seger alitoa koni zake Berlin mwaka 1886, na Edward Orton akaanza kutengeneza za kwake Ohio, Marekani, mwaka 1896. Hizi za Orton ndizo zinazotajwa katika vitabu vingi vya glezi leo. Ubora wa koni ni kwamba haipimi joto peke yake. Inapima kazi ambayo joto limefanya kwa muda wake wote, na hicho ndicho kinachotokea kwenye glezi na kwenye udongo wa kikombe.

Jedwali la Orton linalieleza jambo hili kwa namba. Koni 6 kubwa ya kujisimamia huinama kwenye nyuzi 1222 endapo tanuri limepanda kwa nyuzi 60 kwa saa katika nyuzi 100 za mwisho. Likipanda kwa 150 kwa saa, huinama kwenye 1243. Likijikokota kwa 15 kwa saa, huinama kwenye 1185. Mfinyanzi wetu alikuwa na namba 1222 iliyoandikwa kwenye karatasi, lakini sharti la mwendo lililoambatana nayo halikuandikwa. Usiku wa Ijumaa tanuri lake lilitambaa katika eneo la 1150 hadi 1180 kwa saa tatu, yaani kwa mwendo ule wa polepole ambao koni 6 humaliza kazi yake kabla hata ya 1190. Vikombe vilikuwa tayari, au karibu tayari, saa nne usiku. Baada ya hapo vikaongezwa nyuzi nyingine zaidi ya 35. Udongo ulianza kulainika kupita kiasi, gesi zilizokuwa bado zinatoka ndani yake zikanaswa, ndipo malengelenge yakafura.

Lakini hiyo nayo ni sehemu tu ya maelezo. Katika mchomo wa majaribio ziliwekwa koni tatu, 5, 6 na 7, kwenye kila rafu: ya kwanza hutangulia kutoa habari, ya pili ndiyo lengo, ya tatu hulinda mpaka. Tanuri lilipandishwa kwa nyuzi 60 kwa saa mwishoni, asubuhi, kwenye umeme mzuri. Koni 6 ya rafu ya kati iliinama pairomita ikisoma 1205, si 1222. Themokapo ilikuwa ya aina ya K, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ya kawaida. Huzaa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, na ikitumiwa mara nyingi juu ya nyuzi 1100 metali zake huoza na usomaji wake huhama. Zaidi ya hayo, ncha yake ilikuwa imerudi ndani ya tofali badala ya kutokeza sentimita kadhaa kwenye nafasi ya vyombo, hivyo ilikuwa inasoma joto la tofali. Kwa hiyo 1222 ya Ijumaa ilikuwa karibu 1240 ya kweli, na 1190 ya Jumapili karibu 1207.

Majaribio hayo yalifunua jambo la tatu. Rafu ya juu koni 6 ilikuwa imelala kabisa na 7 imeanza kuinama; rafu ya chini 5 ilikuwa imelala na 6 imeinamisha kichwa kidogo tu. Tanuri dogo halina koili sakafuni, na mzunguko wa chini, ambao ndio ungepaswa kufidia ubaridi wa sakafu, ndio uliokuwa umezeeka zaidi. Sasa michomo miwili inaeleweka bila kulazimisha. Ijumaa, muda mrefu na usomaji wa chini vilijumlishana, vikaumiza kwanza sehemu iliyokuwa na joto zaidi. Jumapili, tanuri liliwashwa alfajiri, umeme ukiwa mzuri, likapanda haraka, likazimwa mapema, na sehemu yenye ubaridi ikabaki nyuma. Namba ya pairomita ilidanganya mara zote mbili kwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni mwendo.

Ushahidi wa mwisho ulitoka kwenye mzani wa jikoni. Kikombe cha chini cha Jumapili kilipimwa kikiwa kikavu, kikachemshwa majini kwa saa mbili, kikaachwa humohumo kipoe usiku kucha, kikafutwa na kupimwa tena. Udongo wa koni 6 uliochomwa sawasawa hautarajiwi kunywa zaidi ya asilimia 2 au 3 ya uzito wake. Hiki kilizidi hapo waziwazi. Kipimo hiki kinastahili kufanywa na kila anayeuza vyombo vya chakula, kwa sababu kikombe kisichoiva hunywa chai na maziwa pamoja na vijidudu vyake, na glezi isiyoyeyuka kikamilifu inaweza kuachia madini yake kwenye kinywaji chenye uchachu. Mnunuzi hawezi kuliona hilo dukani. Wajibu ni wa mwenye tanuri.

Ushauri wa kwanza ambao mfinyanzi alipewa na watu wengine ulikuwa anunue kidhibiti cha umeme kinachojiendesha. Sikubaliani nao, angalau kwa kisa hiki. Kidhibiti cha kawaida kingeona kwamba joto liko nyuma ya ratiba na kingeamuru umeme kamili. Lakini umeme kamili ndio uliokuwa tayari umeamriwa, na haukuwepo. Kingengoja kama yeye alivyongoja, kisha kingezima kwa namba ileile, kupitia themokapo ileile iliyorudi ndani ya tofali, na vikombe vingeharibika vilevile. Kifaa kizuri hakitibu volti 200, wala hakirudishi ujana wa koili.

Mpango uliowekwa badala yake ulianza na saa. Kwa kuwa upungufu wa umeme mtaani hapo huja jioni, mchomo wa glezi ulihamishiwa alfajiri: kuwasha saa kumi na moja, kumaliza saa tisa alasiri, ili nyuzi 200 za mwisho ziangukie mchana. Badiliko hili halikugharimu chochote na ndilo lililoleta unafuu mkubwa kuliko yote. Mchomo wa awali, unaoishia nyuzi 1000, unaweza kuendelea wakati wowote, kwa sababu kwenye joto hilo hata kilowati 2.1 zinatosha na udongo hausumbuliwi na saa moja ya ziada. Hii ndiyo sababu tanuri lilionekana zima kwa miaka yote hiyo.

Daftari ndilo lililofuata. Kila nusu saa huandikwa saa, namba ya pairomita, alama za swichi zote mbili na volti, na pembeni huandikwa namba imepanda kiasi gani tangu mstari uliotangulia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo usukani wa tanuri la mkono. Mfinyanzi haongezi swichi kwa sababu saa imefika. Anaongeza kwa sababu mwendo umepungua chini ya ule anaoutaka, na anaacha au anapunguza mwendo ukizidi. Kwa vikombe vilivyokwisha kupata mchomo wa awali, mwendo wa haraka mwanzoni hauna tatizo, lakini anapokaribia 573 hupunguza kasi, kwa maana kwenye nyuzi hizo chembe za kwatzi ndani ya udongo hubadilika umbo na kutanuka ghafla. Baada ya hapo anaweza kwenda nyuzi 120 au 130 kwa saa hadi 1100. Nyuzi 100 za mwisho huandikwa kila robo saa, na lengo ni nyuzi 15 kwa robo saa, ambao ni ule mwendo wa 60 unaoipa namba 1222 maana yake.

Kwa mchomo wa awali daftari lina masharti tofauti, na hapa mkono hauna budi kuwa mwepesi zaidi. Wakati wa masika Dar es Salaam, chombo kinaweza kuonekana kikavu kwa rangi na bado kikawa na maji ndani. Kikigusishwa shavuni kikaonekana cha baridi, hakijawa tayari. Swichi ya chini peke yake kwenye alama ya 1, kifuniko kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa kijiwe, hushikilia joto chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa hadi kioo kilichowekwa juu ya tundu kisione tena ukungu. Maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka kati ya nyuzi 450 na 600, na mabaki ya mimea na kaboni huungua kati ya 700 na 900, hivyo kizibo cha tundu la juu hakirudishwi kabla ya hapo. Kaboni isiyopata nafasi ya kutoka katika mchomo huu ndiyo huja kufura kama lengelenge chini ya glezi, na huenda nayo ilichangia hasara ya Ijumaa.

Uamuzi wa kuzima ulihamishwa kutoka kwenye pairomita kwenda kwenye koni. Koni tatu huwekwa mkabala wa tundu la kuchungulia, umbali wa kutosha kutoka kwenye koili, na huangaliwa kwa miwani yenye kioo cheusi cha kuchomelea, maana mng'ao wa tanuri la nyuzi 1200 huumiza macho polepole na pia huficha koni ndani ya mwanga. Koni 5 ikianza kuinama, mfinyanzi anajua amebakiwa na muda mfupi na haondoki tena. Ncha ya koni 6 ikigusa chini, anazima, namba ikisoma chochote inachosoma. Pairomita haikutupwa: inaonyesha mwendo vizuri, kwa sababu kosa la nyuzi 17 likiwa halibadiliki ghafla halibadilishi tofauti kati ya robo saa moja na nyingine. Kila mchomo namba iliyosomwa koni 6 ilipoinama huandikwa, na namba hizo zikianza kuhama, themokapo hubadilishwa.

Vipi basi ikiwa umeme utapungua hata mchana, namba ikaanza kutambaa kwenye 1170? Jibu limo kwenye koni. Mfinyanzi haongezi chochote, kwa kuwa hana cha kuongeza. Anaangalia tundu kila robo saa na kukubali kwamba koni 6 inaweza kulala kabla namba haijakaribia ile aliyoizoea. Ikilala, anazima. Umeme ukikatika kabisa, swichi zote hurudishwa sifuri papo hapo, ili utakaporudi usiingie kwa nguvu zote bila mtu, na kizibo hurudishwa kwenye tundu ili joto lisitoroke. Kama haukukawia, swichi hupandishwa tena hatua kwa hatua. Kama tanuri limepoa sana, mchomo huanzwa upya siku nyingine kwa koni mpya, kwani koni iliyopoa na kuchomwa mara ya pili hutoa ushahidi wa uongo.

Kutofautiana kwa rafu kulitibiwa kwanza kwa swichi. Ya chini hutangulia: hufika 6 saa moja kabla ya ya juu, na kuanzia nyuzi 1100 ya juu huachwa kwenye 5. Rafu ya chini iliinuliwa kwa nguzo fupi za sentimita mbili na nusu kutoka sakafuni ili joto lipite, na vikombe virefu vikahamishiwa juu. Hatua hizo zilileta rafu mbili karibu, lakini zilimaanisha pia kuinyima tanuri sehemu ya nguvu ya koili nzuri ili ilingane na mbovu. Dawa yake ni kubadilisha koili, na zote mbili kwa pamoja. Ukitia mpya chini na kuacha iliyochakaa juu, ubaridi utahamia juu na hesabu itaanza upya. Kazi hiyo hufanywa plagi ikiwa imechomolewa, si swichi zikiwa sifuri tu. Fundi aliyezibadilisha alikagua pia waya wa soketi, ambao ulikuwa mwembamba mno kwa mzigo wa ampea 13 za saa kumi mfululizo na ulikuwa unakula volti kadhaa peke yake.

Baada ya koili mpya, mchomo wa glezi ulichukua saa tisa, na koni 6 zililala kwenye rafu zote kwa tofauti ya pembe ndogo. Mfinyanzi sasa hushikilia joto kwa dakika 15 karibu na kilele ili vitundu vya glezi vijifunge. Kwenye tanuri la mkono kushikilia hakuna kitufe chake. Ni kutafuta ile alama ambayo umeme unaoingia unalingana na joto linalopotea. Kwa tanuri hili ni kati ya 4 na 5, na ilipatikana kwa kusoma daftari. Kwa kuwa dakika hizo nazo ni kazi ya moto, huanza kushikilia koni 6 ikiwa imefika nusu ya kuinama. Kisha huzima na kuacha tanuri lifungwe mpaka lishuke chini ya nyuzi 100, bila kuinua kifuniko kwa kuchungulia.

Vikombe vya Ijumaa havikuweza kuokolewa, kwa kuwa udongo uliokwisha kufura haurudi. Vya Jumapili vilichaguliwa kimoja kimoja. Vilipashwa joto kidogo ili glezi mpya ishike juu ya ile ya zamani iliyokuwa haiwezi tena kunywa maji, vikapakwa upya kwenye midomo na sehemu zenye vitundu, vikarudishwa tanurini kwa ratiba mpya. Vingi viliiva. Vilivyopimwa tena kwa mzani havikuzidi kiwango, na vile vichache vilivyobaki na vitundu chini ya mkono vimetengwa viwe vya kuwekea brashi na vijiko vya glezi karakanani, si vya kuuza.